Nyumba Mpya na Mfuko wa Makala

 

Mvua zimekwisha. Majuma haya tunaona tena kazi ya kila mwaka: udongo wa kichuguu unakanyagwa, matofali yanaanikwa, moshi wa matanuru unapanda, na katika lupango kamba zinavutwa toka kijiti hadi kijiti. Ni majira ya kujenga. Na kila panapojengwa, maswali ni yaleyale. Vyumba vingapi? Mabati mangapi? Mlango wa chuma au wa mbao? Swali moja halisikiki: nyumba hii, ikiisha kusimama, itakula kiasi gani kila mwezi?

Maana nyumba inakula. Inakula makala ya kupikia bukari na maharagi, na makala ya kuota moto usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Inakula mishumaa, mabetri ya torshi, faranga za kuchaji simu. Inakula dawa za kikohozi. Kujenga kunachukua kiangazi kimoja au viwili. Kulisha nyumba kunachukua maisha. Na sisi wamama tunajua ni nani anayelipa. Baba na fundi wanaamua kwa siku moja dirisha litakaa wapi. Mama anamlipia dirisha hilo muuza makala kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo juma hili tunasema jambo moja: nyumba isiyokula sana inaamuliwa kabla msingi haujachimbwa, na mama awepo siku hiyo. Mengi tutakayotaja hayaongezi faranga kwenye bei ya nyumba. Yanataka tu kusemwa mapema. Ukuta ukiisha kusimama, kuuhamisha ni kuubomoa.

Waya zinapita juu yetu

Kuna watakaosema: tungoje umeme, ukifika mambo yatakuwa mepesi. Tuangalie basi umeme wenyewe.

Mto Lufira ni jirani yetu. Bwawa la Mwadingusha lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na lile la Koni, kwenye mto uleule, mwaka 1950. Kwenye Lualaba, Nzilo ilianza 1952 na Nseke 1956. Halafu ukaja mstari mrefu kutoka Inga hadi Kolwezi, kilometa karibu 1,700, uliomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi hizo zote zilifanywa kwa ajili ya shaba kwanza. Ndiyo sababu waya nene zinapita juu ya mashamba yetu na hazishuki. Na hata katika mitaa ya Likasi ambako umeme unafika, kila mtoto anajua neno delestaji.

Hatusemi hayo ili tulie. Tunasema ili mama anayejenga mwaka huu asijenge kana kwamba umeme utakuja kesho. Kwa sasa nyumba zetu nyingi zinaendeshwa na makala, na makala yanatoka msituni. Ili kupata kilo moja ya makala, tanuru la udongo linakula kilo tano za kuni au zaidi. Likisimamiwa vibaya linaweza kula hata kumi. Kwa hiyo mfuko mmoja ulio mlangoni ni mifuko mitano na zaidi ya miti iliyoanguka. Kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi, na bei inarudi pamoja nao.

Kijiti kimoja cha kufundishia

Tunapofundisha watoto habari za jua, tunachukua kijiti cha meta moja, tunakisimamisha wima katika uwanja wa shule, tunapima kivuli. Mama naye afanye hivyo katika lupango lake kabla fundi hajavuta kamba.

Mwezi wa sita, wakati wa baridi, jua letu la mchana linakaa upande wa kaskazini. Kijiti cha meta moja kinatoa kivuli cha sentimita karibu 70, na kivuli kinalala kusini. Kadiri miezi inavyokwenda, kivuli kinafupika. Karibu na tarehe 21 ya mwezi wa kumi, wakati wa joto kali kabla ya mvua, jua la mchana linasimama sawasawa juu ya kichwa: kijiti hakina kivuli. Mwezi wa kumi na mbili jua linapita kidogo upande wa kusini, kisha linarudi.

Kijiti hicho kinatufundisha mambo matatu.

La kwanza: kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zitazame mashariki na magharibi. Dirisha la kaskazini linaingiza jua la mwezi wa sita chumbani bila malipo, wakati tunapolihitaji. Chumba cha watoto na cha wazee kikae upande huo.

La pili: adui wa mwezi wa kumi ni paa, maana saa sita ya mchana ndilo linalopigwa na jua lote. Hapo ndipo pa kuweka faranga, kabla ya mlango wa chuma.

La tatu: ukuta wa magharibi unapigwa na jua la jioni, jua la chini lisilozuilika na paa. Usiweke dirisha kubwa upande huo wala usilaze mtu karibu na ukuta huo. Weka ghala, weka baraza, au panda mwembe mita chache kutoka ukutani. Mwembe utatoa kivuli, na baadaye utatoa maembe.

Kugeuza nyumba hivyo hakuongezi tofali hata moja. Ni kusogeza vijiti vinne kabla ya kuchimba. Mahali ambapo lupango ni jembamba na halikubali, mama abakie na dirisha: madirisha makubwa kaskazini na kusini, madogo kwingine.

Paa linalopumua

Bati tupu mwezi wa kumi ni kikaango. Usiku wa mwezi wa sita linakuwa baridi kama chuma cha kisima. Tiba yake ni hewa na kitu cha kuzuia katikati.

Tazameni nyumba za zamani zilizojengwa na kampani huko Likasi: nyingi zina dari ya juu, baraza pana, na matundu ya hewa chini ya paa. Waliozijenga hawakuwa na mashini za kupoza hewa. Walitumia akili ya upepo. Hewa ya moto inapanda; ikipata tundu la kutokea juu, inaondoka, na hewa ya baridi inaingia kwa chini. Mwambie fundi aache matundu pande zote mbili, kaskazini na kusini, juu karibu na paa. Weka waya wa mbu kwenye matundu hayo, si matofali.

Dari, ile tunayoita plafo, inafanya kazi mbili: mchana inazuia joto la bati lisitushukie, usiku inazuia joto letu lisitoroke. Kama mbao ni ghali, mikeka mizito iliyofungwa vizuri chini ya boriti inasaidia, mradi ikae mbali na moto. Kupaka bati rangi nyeupe kunarudisha sehemu kubwa ya jua. Chokaa kipo karibu nasi, maana Kakontwe wanachimba mawe yake, lakini juu ya bati kinafuliwa na mvua na kinarudiwa kila mwaka kabla ya joto.

Mwisho, paa lizidi ukuta kwa sentimita 60 au zaidi. Paa fupi linaokoa bati moja au mawili leo, halafu mvua inakula ukuta kila mwaka.

Tofali lisilokula msitu

Tofali letu la kuchoma ni zuri na linadumu, lakini linakula mara mbili: linakula kichuguu na linakula kuni za tanuru. Kuna njia nyingine. Katika miaka ya 1950 huko Kolombia ilitengenezwa mashini ya mkono, CINVA-Ram, inayokandamiza udongo wenye simenti kidogo mpaka uwe tofali gumu. Haichomwi. Inakaa kivulini majuma kadhaa ikimwagiliwa maji ili simenti ishike. Uganda na Kenya mashini za namna hiyo zimejenga shule, matangi ya maji na nyumba za watu. Si kila udongo unakubali. Mchanga ukizidi tofali linabomoka, mfinyanzi ukizidi linapasuka. Ndiyo sababu yanatengenezwa matofali ya kujaribia kwanza, yanalowekwa majini usiku mzima, yanatazamwa asubuhi.

Mama mmoja hawezi kununua mashini hiyo. Kikundi chenye likelemba ya watu ishirini kinaweza kufikiri juu yake, kwa sababu mashini inazunguka nyumba kwa nyumba kama likelemba yenyewe.

Iwe la kuchoma au la kukandamiza, tofali lililolazwa kwa upana, ukuta ukawa mnene, ni bora kuliko lililosimamishwa kwa ubavu. Ukuta mnene unapokea jua mchana, unatunza, na saa kadhaa baadaye unatoa joto ndani, wakati baridi imeanza. Ukuta mwembamba hautunzi kitu. Kama matofali hayatoshi kwa nyumba nzima, vyumba vya kulala vipate ukuta mnene kwanza.

Jiko

Hapa ndipo makala yanakwisha, na hapa ndipo pafua letu linaumia. Jiko mara nyingi linajengwa mwisho, kwa mabaki. Sisi tunaomba lichorwe kwanza.

Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki. Jiko likikaa upande wa magharibi au kaskazini-magharibi, moshi unakwenda zake na hauingii vyumbani. Na jiko likikaa hapo, linafunika ule ukuta wa magharibi tuliosema unapigwa na jua la jioni. Kazi mbili kwa ukuta mmoja.

Ndani yake ujengwe mlango wa hewa chini, bomba la moshi au tundu kubwa juu, na meza ya udongo ya kuweka mbabula kwa urefu wa kiuno, mbali na mtoto anayetambaa. Mbabula wa bati tupu unapasha hewa pande zote kabla ya kupasha sufuria. Kenya, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wanatengeneza jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani. Udongo unashika joto, na makala yanapungua kwa theluthi moja hadi nusu. Fundi wa bati na mfinyanzi wetu wakikaa pamoja wanaweza kulitengeneza hapa.

Tena mjenge kijishubaka ukutani, kina cha kuingia sufuria moja na mito ya nguo kuukuu pande zote. Maharagi yaliyolowekwa usiku yakichemka kwa nguvu dakika ishirini, yakifunikwa, yakafungiwa humo, yanaendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula yanachemshwa tena. Hayo makala ya saa mbili yamebaki mfukoni.

Sasa neno gumu. Mwezi wa sita, usiku, watu wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango, wanalala. Makala yanayoungua hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo inaua waliolala bila kuwaamsha. Kuumwa kichwa na kutapika katika chumba chenye mbabula ni onyo: toeni watu wote nje saa hiyo. Nyumba yenye ukuta mnene, dari, na dirisha la kaskazini inapunguza haja ya mbabula chumbani. Ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, na haihesabiwi kwa faranga.

Mwanga

Dirisha moja linalofunguka ni taa ya mchana. Mahali pa giza, bati moja la plastiki linalopitisha mwanga linatosha, ila liwe juu ya kipito au jiko, si juu ya kitanda, kwa kuwa linaingiza joto pia.

Kwa usiku, paneli ndogo ya jua na taa za LED zinaondoa mishumaa. Taa ya LED ya wati 9 inaangaza karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60. Paneli itazame kaskazini, iinamishwe kidogo tu, ili mvua iifue. Tunasisitiza kaskazini, kwa sababu vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Ulaya husema kusini. Kwao jua la mchana liko kusini, kwetu si hivyo. Na mwembe usiitie kivuli. Fundi apitishe mabomba ya waya ukutani wakati wa kujenga, hata kama paneli itanunuliwa baada ya miaka mitatu. Kupasua ukuta uliopigwa lipu ni kulipa mara mbili.

Mawe ya msingi yametoka wapi?

Hadi hapa tumesema maneno yanayofaa Likasi, Kipushi au Kolwezi. Neno hili la mwisho ni letu sisi wa Shinkolobwe.

Ulaya siku hizi wanafunga kila tundu la nyumba ili joto lisitoke. Sisi tusiige hilo. Nyumba inayotunza joto inatunza pia hewa iliyomo ndani, na hewa hiyo inatoka kwa sehemu ardhini na katika mawe ya msingi.

Uraniumu uligunduliwa Shinkolobwe mwaka 1915. Kwanza Union Minière ilitafuta radiumu, ikasafishwa Olen, Ubelgiji. Mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, alipeleka New York tani karibu 1,200 za mawe hayo, na uraniumu wa bomu la Hiroshima la mwaka 1945 ulitoka hapa kwa sehemu kubwa. Hayo watoto wetu wanayasikia darasani. Yale yanayotuhusu zaidi ni ya karibu: mwezi wa kwanza 2004 serikali ilikataza kuchimba, mwezi wa saba mgodi uliporomoka ukaua watu, mwaka uleule kijiji kikabomolewa na wakaaji wakaondolewa. Waliokuwa na nyumba walianza kujenga upya kwingine. Mgodi ulibaki, na marundo ya mawe yalibaki.

Mawe yenye uraniumu yanatoa mionzi, na yanatoa pia gesi iitwayo radoni. Haina rangi, haina harufu. Nje upepo unaitawanya. Ndani ya chumba kilichofungwa inakusanyika, tunaivuta, na baada ya miaka mingi inaweza kuleta kansa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa sababu kubwa ya kansa hiyo baada ya sigara. Na mawe hayo hayachoki: nguvu ya radiumu inachukua miaka 1,600 kupungua kufikia nusu.

Si sisi wa kwanza kukutana na jambo hilo. Katika mji wa Grand Junction, jimbo la Colorado, Marekani, kiwanda cha uraniumu kilikuwa na marundo ya mchanga laini uliobaki baada ya kusaga mawe. Ulikuwa mzuri kwa macho na ulitolewa bure. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu waliuweka chini ya sakafu na kando ya misingi ya nyumba kwa maelfu, hata shule. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutoa fedha ili mchanga huo uchimbuliwe na kuondolewa. Wao walikuwa na hazina ya serikali ya kuchimbua misingi. Sisi tuna njia moja tu iliyo nafuu: kutoweka.

Basi kanuni ni hii. Jiwe, kokoto au mchanga wa mgodi wa Shinkolobwe, au wa marundo yake, usiingie katika msingi, sakafu, ukuta, kisima wala meza ya jiko. Kuyaosha hakusaidii, kuyapiga lipu hakuondoi mionzi. Lile jiwe zuri la njano au la kijani si pambo la dirishani wala kitu cha watoto kuchezea. Na msidhani jicho linatosha, kwa maana mawe mengine yenye uraniumu ni meusi tu na mazito. Mwenye gari la mawe akija na bei ya chini, mama aulize: yamechimbwa wapi, na nani mwingine aliyajengea? Asipojibu wazi, gari liondoke limejaa kama lilivyokuja.

Kama nyumba imekwisha jengwa na mna shaka, msikimbie na msibomoe kwa mikono. Fungueni madirisha kila asubuhi na jioni, yaacheni matundu ya juu wazi, hamisheni vitanda vya watoto kutoka chumba kisicho na hewa. Halafu kikundi kiandike barua moja, ipitie kwa shefu wa kijiji au wa kartie, kuomba kupimiwa. Nchi yetu ina komite ya taifa ya ulinzi dhidi ya mionzi, CNPRI, na kupima ni kazi yake. Barua ya wamama thelathini ina uzito kuliko malalamiko ya mmoja.

Kusema nyumbani

Tunajua swali linalofuata: nitamwambiaje baba wa watoto, na yeye ndiye anayemlipa fundi? Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba ujenzi ni shauri la wanaume. Lakini sheria ya mwaka 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia inataka mume na mke wakubaliane katika mikataba inayowafunga. Hatuhitaji kuileta sheria mezani kama fimbo. Tulete daftari. Andika kwa siku thelathini kila faranga iliyokwenda kwa makala, mishumaa, mabetri na dawa ya kikohozi. Zidisha kwa kumi na mbili. Mwonyeshe baba jumla hiyo jioni, ameisha kula, kisha sema: "Baba, hizi ndizo nyumba inazokula. Tukigeuza dirisha na kuweka dari, zitapungua." Mume mwenye akili anaheshimu hesabu. Na mama mjane au anayejenga peke yake, asiogope kumwuliza fundi mara mbili. Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa.

Faranga zikiwa chache, fuateni mpango huu. Yasiyo na bei yaje kwanza: kugeuza nyumba, matundu ya hewa, mahali pa jiko, kukataa mawe ya mgodi. Ya bei ndogo yafuate: paa lililozidi ukuta, kijishubaka cha sufuria, mbabula wenye udongo, mabomba ya waya. Ya bei kubwa, yaani dari, ukuta mnene na paneli, yaje kidogo kidogo, kwa likelemba, lakini yaachiwe nafasi yake tangu siku ya kamba.

Mpanga nyumba naye asiseme hayamhusu. Kijishubaka anaweza kukigeuza kikapu, mbabula unahama naye, na swali la mawe anaweza kumwuliza mwenye nyumba kabla ya kulipa garanti.

Kwa mkutano wa juma hili tunapendekeza kazi mbili kwa kila kikundi. Moja, simamisheni kijiti katika lupango la mwanachama anayejenga, mpime kivuli kifupi kuliko vyote, karibu na saa sita na robo ya mchana. Pili, kila mama aanze daftari lake la siku thelathini. Mwezi ujao tutakusanya hesabu za vikundi, bila kuandika majina, tuzitoe katika ukurasa huu, ili kila anayechimba msingi mwaka huu azione kabla ya kuita fundi.

Tubaki salama.